Fungu la Mama Bitisho

Tulikuwa watu watano uani siku ile: mimi Riziki, ndugu yangu Wilondja, mdogo wetu Sifa, aliyelala mkekani akikohoa, mjomba Asukulu, aliyekuwa juu ya paa, na jirani yetu Mama Bitisho, aliyekuja kutufungia nyasi. Nawataja wote kwa sababu wengine wao hawana kaburi ambapo jina lao lingeandikwa.

Mpaka leo, nikisikia harufu ya nyasi kuukuu zinazoshushwa kutoka paani, masizi na mavi ya panya, narudi pale kwetu Mboko, mwisho wa kiangazi, mawingu ya kwanza yakijikusanya juu ya ziwa. Mama alifia msituni katika vita vya kwanza. Baba alishika njia ya Uvira, hakurudi. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha masomo mwaka wa tano, nikashika jembe. Mvua zilizopita zilivuja juu ya mkeka wa Sifa, na kifua chake hakikupona tena. Nilijiapia kwamba mvua nyingine hazitamkuta chini ya paa lile.

Kwetu anayekuezekea halipwi, lakini lazima apikiwe palepale uani. Watu husema paa lililofungwa na mwenye njaa halikai. Mjomba aliyajua maneno hayo kuliko sala zake.

"We Riziki!" alipiga kelele kutoka juu. "Moshi iko, harufu haiko. Unapika mawe?"

"Anapika ulimi yako, muzee," Mama Bitisho alimjibu. "Kaza kamba hapo, inalegea."

Nilicheka nao, lakini sikuwa na kitu cha kupika. Askari walikuwa wameng'oa mihogo yetu yote, wakaenda na mizizi na kuitupa miti, ikanyauka juani, hata ya kupanda ikakosekana. Kilichobaki ni maharage ya mbegu, yaliyochanganywa na majivu katika kibuyu ambacho Mama mwenyewe alikitundika juu ya moto. Alikuwa akisema: "Mbegu ni chakula cha mtu ambaye hajafika." Nilisimama chini ya kibuyu kile. Sifa akakohoa. Nikakishusha.

Niliyaosha maharage nyuma ya nyumba ili nisionekane, lakini maji ya majivu yaliteremka, yakafika miguuni pa Mama Bitisho. Aliyatazama. Akavuta mguu ili yapite, akaendelea kufunga nyasi.

Mjomba alikula, akasifu, akaomba tena. Jua lilipozama, paa lilikuwa limefungwa.

Asubuhi Mama Bitisho alikuja na fungu la miti ya mihogo kichwani, akalitua mlangoni.

"Panda hii mbio, mvua iko karibu."

"Nitalipa na nini, Mama?"

"Na miti. Yako ikikomaa, unanirudishia fungu moja. Mi siombi chakula yako, we mutoto."

Tulipanda. Siku chache baadaye nilipita kando ya shamba lake karibu na mto, nikakuta mihogo yake yote imekatwa, visiki vitupu. Nilikimbia kumpa pole.

"Ni askari, Mama?"

"Bako na njaa," alisema akiangalia ziwa. "Na beye ni batoto ya batu."

Niliwatukana askari wale kwa niaba yake, naye akaniacha niwatukane.

Mvua zilikuja, na Sifa akalala pakavu. Nilikuwa naamka makusudi kusikiliza maji yakiteleza nje. Mihogo ilikuwa imefika magotini vita viliporudi. Tulipakia mtumbwi, na tukiwa majini tuliona nyumba yetu ikiungua. Nyasi zilikuwa zimelowa, zikatoa moshi mwingi kuliko moto. Sifa tulimzika ng'ambo ya ziwa, wakati wa mvua, tukimtoa katika hema la plastiki lililovuja. Mjomba alibaki njiani. Mama Bitisho alifuata njia ya Kilembwe pamoja na wengine, na hakuna aliyewahi kuniletea habari zake.

Nilirudi Mboko na Wilondja nikiwa mtu mzima, nikalima. Siku moja nilikuta wezi wameingia shambani kwangu. Mizizi haikuwepo, miti ilitupwa huku na huku. Nikasimama na jembe mkononi. Mwenye njaa huchukua mizizi, huacha miti. Katika shamba la Mama Bitisho miti ndiyo iliyokosekana. Mizizi ilikuwa bado ardhini, haijanenepa. Na mhogo uliokatwa kichwa kabla ya wakati huchipua kwa kula mizizi yake wenyewe. Aliyekata ni yeye. Aliibeba yote kichwani, akaniletea, akaniacha nimpe pole.

Miti ya mihogo haiwekwi ghalani, ukiiweka, inakufa. Njia pekee ya kulitunza deni lake ni kulipanda. Kila mwisho wa kiangazi nakata fungu la kwanza, naliegemeza ukutani upande wa njia. Siku hizi ugonjwa unakunja majani, miti inazidi kuwa myembamba, nalichagua fungu lile kwa shida. Shamba lake limekuwa pori. Hakuna anayepita kuliulizia.

"Yaya, utaweka hii mpaka lini?" Wilondja huniambia mimi mkubwa wake. "Tuwashe nayo moto, bugali haijaiva."

Nampa lile la mwaka jana, lililokwisha kukauka. La mwaka huu liko ukutani.