Mama Mkwe Hakimbizi Injini

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya vichwa vinavyopita mtaani kwetu aliviona yeye kabla ya mama zao. Sasa mpe mtu huyo gari jipya! Siyo mtumba, jipya kabisa, nailoni ya kiwandani bado imefunika viti, na ole wako uiguse. Ukikaa inalia chwaa chwaa. Nililicheka hilo mpaka mke wangu akanifinya.

Sababu ya gari tuliijua wote. Mke wangu alizaliwa kando ya barabara, mama yake akijizalisha mwenyewe huku akisubiri gari ambalo halikuja. Basi mke wangu alipopata mimba yake ya kwanza, mama mkwe akatoa kiinua mgongo chake, akanunua gari. "Mjukuu wangu hazaliwi njiani," alisema. "Nimemaliza."

Fundi akamwonya: kilomita elfu moja za kwanza, vyuma vya injini bado havijazoeana. Usikimbize, usivute mzigo, na ikikaribia elfu umwage oili ya kiwandani uweke mpya. Ee bwana wee, ni kama alimkabidhi kichanga! Kila asubuhi, kabla hata ya chai, anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa cheupe, anachovya tena, anakiinua juani na kukikodolea macho. "Rangi nzuri," anatangaza, na majirani wanajua leo oili imeamkaje. Mwendo wake ni sitini tu, mlimani sitini, tambarare sitini. Alitaka siku ya safari injini isimwangushe.

Uchungu ukaja mapema, gari likiwa na kilomita mia tisa na ushei.

Nikakaa nyuma na mke wangu, kanibana mkono kama koleo. Mama mkwe akawasha gari, akaliacha lingurume. Nasubiri. Linanguruma tu.

"Mama, twende?"

"Oili ipande kwanza, baba."

Oili ipande! Angekuwa mama yangu mzazi ningepiga kelele mtaa mzima utoke nje. Lakini mama mkwe hapandishiwi sauti. Nikasema, "Sawa, Mama."

Barabarani, sitini. Lori la mchanga likatupita. Basi la shule likatupita, watoto wakatupungia mikono. Kwenye mteremko akapunguza hadi arobaini, ati injini ipumue, na mzee mmoja wa baiskeli aliyebeba kreti ya soda akatupita huku akinitazama kwa huruma.

"Mama, samahani sana, unaweza kuongeza kidogo?"

"Mimba ya kwanza haina haraka, mkwe wangu. Uchungu bado unakuja kwa nafasi, nausikia."

"Mama, baiskeli imetupita!"

"Wacha ipite. Ile haina oili."

Mke wangu, na uchungu wake wote, akaangua kicheko. Kicheko kikakatika katikati, akatoa mlio mfupi, wa chini, ambao sikuwahi kuusikia maishani.

Mama mkwe alikuwa ameusikia mara maelfu. Mgongo wake ukanyooka.

"Usisukume, mwanangu! Hema! Hazaliwi njiani huyu!"

Halafu, Mungu wangu, akakanyaga.

Sisi, mkoba wa nguo za mtoto, kila kitu kikatupwa nyuma. Mshale wa spidi ukapita themanini, ukapita mia. "Nisamehe, nisamehe," alikuwa akisema, nikajua haongei na sisi, anaongea na injini. Tukalipita lori. Tukalipita basi la shule, watoto wakashangilia. Yule mzee wa baiskeli tukampita naye, na sioni aibu kusema kwamba nilimpungia mkono.

Akafunga breki uani mwa hospitali, akaruka nje, akafungua mlango wa nyuma, na mikono yake ikampokea binti yangu palepale, juu ya ile nailoni niliyoicheka.

"Tumeshaingia geti!" alipiga kelele, analia, anacheka, wauguzi wanakuja mbio. "Jamani mmeona? Siyo njiani!"

Mimi nililia kumshinda mtoto.

Kesho yake alikwenda kwa fundi kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Oili ikamwagwa kwenye beseni, wakaiinamia wote wawili. Ilikuwa na vumbi la chuma linalometameta.

"Nimeiua!" mama mkwe akashika kifua.

"Wala, Mama," fundi akacheka. "Injini mpya zote hutoa hivi, ndiyo maana tunaimwaga mapema. Hii nzima kabisa."

Basi akaja kutuchukua hospitali na oili mpya, furaha imempanda kichwani. Kutoka getini tu, huyo! Themanini! Mimi nyuma nimempakata binti yangu, kila shimo la barabara linanipiga moyoni.

"Mama, punguza!" Sauti ilinipanda yenyewe, heshima nikaisahau uani.

"Aa, mkwe! Fundi kasema ruksa, injini imeshazoea!"

"Injini, ndiyo! Huyu je? Huyu hajafikisha hata kilomita moja!"

Akanitazama kwenye kioo, kisha akamtazama mjukuu wake, muda kidogo. Mguu wake ukalegea. Sitini, arobaini, ishirini na ushei. Honi zikaanza kutulilia nyuma, na pembeni nikasikia kengele ya baiskeli.

"Wacha ipite," nikasema mimi.