Siku Niliyofunga Kisima cha Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli, kofia ya kaki na daftari la ukaguzi, nikajiona nimefika. Nilikuwa nimetoka Songea na cheti cha afya, na vijana wa leo sitawadanganya: sikuingia utumishi wa umma kwa mapenzi ya taifa. Niliipenda ile baiskeli. Bwana Afya Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alinizungusha Kariakoo kwa miguu, akinionyesha mifereji, mabucha na vibanda vya chakula.

"Ndugu Komba," akaniambia, "hapa utachukiwa. Ukishazoea, utaiweza kazi."

Miaka miwili nilikagua nyama na kupuliza dawa ya mbu. Kisha nikahamishiwa Mchafukoge, nikapewa jukumu la maji. Upimaji wetu ulikuwa mwepesi. Unachota maji kwenye kichupa, unadondoshea dawa. Yakigeuka manjano, yana klorini, watu wanywe. Yakibaki meupe, hayana kinga yoyote.

Masika moja mabomba yalikauka siku nne mfululizo. Mtaa mzima ukategemea kisima kilichokuwa uani kwa Bi Rukia, mjane wa Kiarabu aliyeuza vitambaa. Hakumtoza mtu. Alfajiri mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi, na ndoo zilipangwa mpaka barabarani.

Asubuhi ya siku ya tano balozi wa nyumba kumi alinijia mbio. Hamali mmoja wa sokoni, aliyepanga chumba nyuma ya duka la Bi Rukia, alikuwa amekufa. Wenzake wawili walikuwa hoi, wanatapika na kuhara maji kama ya kuoshea mchele. Dalili ile tulifundishwa chuoni, na hakuna anayeisahau. Nilipima maji ya kisima, yakabaki meupe. Nyuma ya ukuta palikuwa na choo cha shimo, kimefurika kwa mvua. Niliagiza wagonjwa wapelekwe hospitali, nikachukua sampuli ya maabara. Majibu yangechukua siku tatu.

Bwana Afya Mkuu aliponisikiliza aliinuka akafunga mlango. Alinieleza kwamba Jumamosi kulikuwa na mkutano mkubwa Mnazi Mmoja, na wakubwa hawakutaka neno kipindupindu lionekane kwenye ripoti yoyote kabla ya majibu. Niandike ugonjwa wa kuhara, basi.

"Na kisima, mzee?"

"Subiri majibu."

"Siku tatu hizo watakuwa wanakunywa."

Alitazama dirishani. "Nimekusikia. Subiri majibu."

Hati ya kufunga kisima niliruhusiwa kuisaini mwenyewe palipo na hatari. Lakini kufunga bila kuleta maji mengine ni kuwaambia watu wavunje mfuniko. Lilihitajika boza, lile lori la tangi la maji, na fomu yake ilisainiwa na mkuu peke yake. Nilikaa mezani kwangu nikaijaza. Fomu ya kwanza niliiharibu. Kwenye ya pili, penye nafasi ya sahihi ya mkuu, niliandika jina langu.

Niliporudi na hati, watu walikuwa wamejaa uani. Mmoja alishika usukani wa baiskeli yangu, akasema serikali imewanyima maji ya bomba, sasa inawanyima na ya Mungu. Wengine wakasogea. Bi Rukia akawaomba wanipishe, akaniingiza dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, watu hawa wana kiu. Nipe sababu."

Nilikuwa nimekatazwa. Nikamwambia hata hivyo, kwa kunong'ona. Alijishika kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewanywesha?"

"Hukujua, mama. Mimi ndiye niliyechelewa kupima."

Na huo ulikuwa ukweli. Siku ya pili ya mabomba kukauka nilipita mlangoni pale, nikaona foleni, nikasema nitapima kesho.

"Maji utaleta?"

"Kabla ya alasiri."

Bi Rukia akabeba kiti chake, akakiweka juu ya mfuniko wa kisima, akakaa. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Boza lilikuwa linaegeshwa jirani na bandari. Dereva, mtu mzima, aliisoma fomu taratibu mpaka mwisho.

"Sahihi hii siyo ya mzee."

"Ni yangu."

Nikamweleza habari za hamali. Aliikunja fomu akaitia mfukoni. "Mimi leo miwani nimesahau nyumbani," akasema. "Panda."

Tulifika adhana ya alasiri ikiadhiniwa. Bi Rukia alikuwa bado amekaa palepale juani.

Majibu yalikuja kama nilivyoogopa. Kati ya wale wagonjwa wawili, mmoja alipona, mwingine tulimzika. Mtaa ule haukutoa mgonjwa tena. Nami niliitwa nikapewa barua ya onyo na uhamisho wa machinjioni, nikakaa huko miaka mitano bila kupanda cheo. Bwana Afya Mkuu alinikabidhi barua mkononi. Alisema alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na ana watoto sita. Sikumchukia. Hofu yake niliifahamu, ilikuwa sawa na yangu.

Sasa nami nimestaafu. Mwaka jana niliombwa kuzungumza na wanafunzi wa afya, na binti mmoja akauliza kinachomfanya mtu aitumikie jamii kwa moyo. Nadhani alitarajia nitaje uzalendo. Nilimwambia kwamba siku ile sikuliwazia taifa hata mara moja. Njia nzima ya kwenda bandarini niliwaza mambo mawili: kwamba nilipita na sikupima, na kwamba kuna mama mtu mzima amekalia kisima juani kwa sababu ameniamini.

Akaniuliza, kama Bi Rukia asingekalia kile kisima, ningeipeleka ile fomu kwa dereva?

Nilitaka kumjibu ndiyo. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikasema, "Pengine ningesubiri majibu."