Kibao cha Shingoni

Kile kibao kilinuka jasho la shingo za watu. Nikikumbuka mwaka wangu wa kwanza wa sekondari pale Bagamoyo, harufu hiyo ndiyo inayotangulia. Ukizungumza Kiswahili, au ukikosea Kiingereza, unakivaa. Ukitaka kukivua, lazima umtege mwenzako mpaka naye akosee, umtaje kwa mwalimu, kihamie kwake. Atakayebaki nacho jioni anaosha vyoo. Maneno makubwa tuliyakariri. Yaliyotuponza ni yale madogo, "in" na "on" na "at", na hiyo "the" ambayo hakuna aliyetueleza inakaa wapi.

Mwanaidi, jirani yangu wa dawati, alitoka Saadani akiwa mcheshi kupindukia. Kibao kilimnyamazisha kabisa, akawa anajibu kwa kichwa tu. Iliniuma sana. Siku moja nikiwa nimekivaa mimi, kalamu yangu ikaanguka, naye akajisahau: "Your pen is in floor." Darasa zima lilisikia. Mwalimu wetu, Madamu Felista, akanigeukia.

"Mwajuma, kuna aliyekosea?"

"Sijasikia, Madamu."

"Basi vyoo ni vyako."

"Sawa, Madamu."

Kesho yake alipouliza, sikusikia tena. Wiki nzima nikawa kiziwi, kwa sababu nilikuwa nimeshagundua kwamba kibao kikikaa kwangu, wengine wote wako huru. Watu wakaanza kuongea, wakikosea bila woga. Nyumbani mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona unanuka dawa ya choo?" Nikamwambia najifunza Kiingereza. Na kweli nilijifunza, maana Mwanaidi alikuja kunisaidia kubeba ndoo, na huko vyooni akanisimulia kwa Kiingereza jinsi tembo walivyomaliza mihogo ya bibi yake. Hakuna "in" wala "on" iliyokaa mahali pake. Nilicheka mpaka nikamwaga maji.

Leo nafundisha Kiingereza huku Vigwaza. "The" najua inakaa wapi, na sikufundishwa na kibao. Wanafunzi wangu wanakosea kutwa nzima, nami nawasahihisha wakiwa bado wanaongea. Juzi mkuu wa shule, mgeni kwetu, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, darasa lina kelele, na Kiingereza chenyewe kibovu. Hapa kibao hamna?"

"Hamna, mkuu. Ukikileta, nitakivaa mimi."