Shikamoo Chini ya Mashine

Daktari aliniambia macho yangu yana umbo la yai. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilipinda upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo maana kila herufi niliiona na kivuli chake. Shuleni Didia nilimaliza la saba nikinakili nane kama tatu. Baadaye nikafanya kazi Geita kwenye karasha la mjomba, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi likamaliza miwani yangu miwili. Mjomba akasema twende Dar es Salaam nikafanyiwe upasuaji wa macho kwa leza.

Baba hakuamini. "Huyu? Akiona mgeni anajificha nyuma ya ghala. Ataweza kutulia mbele ya mashine?"

Hata mimi niliogopa hilo kuliko maumivu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuitazama taa ya kijani bila kuhamisha jicho.

Waliniwekea matone ya ganzi, kope zikashikwa na chuma kidogo. Mashine ikaanza kulia ta-ta-ta. Nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Mara mlango ukafunguliwa, sauti ya mzee mmoja, mhudumu wa pale, ikasema, "Hamjambo humu?"

"Shikamoo," nikasema, na macho yakashuka yenyewe. Nyumbani tulifundishwa hivyo, mkubwa hatazamwi usoni.

Mashine ikanyamaza. Nikajua nimeharibu.

"Marahaba," mzee akaitikia huku akicheka.

Daktari naye akacheka. "Msukuma wewe! Imesimama yenyewe jicho lilipohama, hujaharibu kitu. Ila sasa hata akiingia mkuu wa mkoa, usimwamkie. Taa tu."

Nikaikazia taa. Mzee akaniaga, sikumjibu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote. Jicho la kwanza likaisha. La pili likaisha bila mashine kusimama hata mara moja.

Kesho yake nilisoma herufi za ukutani hadi mstari wa chini. Nilisoma polepole, kama kawaida yangu, lakini kila herufi ilikuwa moja.

Mjomba akampigia baba. "Shemeji, hakutikisika."

"Hakutikisika?"

"Jicho la pili, hata kidogo."

Kisha nikamsikia baba kwenye simu: "Kumbe!"

Basi, neno hilo moja. Nilivaa miwani ya jua niliyopewa, nikatoka nikitembea katikati ya korido. Sikufuata ukuta kama nilivyozoea.