Nilivyopiga Magoti Masasi

Fyuu! Hivyo ndivyo upanga wangu wa mbao ulivyolia siku ya kwanza nilipoukata upepo sawasawa. Kwa miezi saba ulikuwa ukipita kimya kama mwiko wa jikoni. Sensei, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu, alituambia kwamba ule mfereji mwembamba ubavuni mwa upanga haulii mpaka mkono uende bila kuyumba. Siku ulipolia nilicheka kwa sauti, wenzangu wote wakageuka.

"Mama Chapati kapatia leo!" akasema mmoja.

"Kafikiri anageuza chapati," akadakia mwingine.

Nilicheka nao. Kweli nilikuwa napika chapati kwenye mgahawa pale Newala mjini, maana shule yangu iliishia kidato cha pili. Asubuhi unga, jioni upanga. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala kuukuu la korosho, na msimu ukifika, magunia yakijaa, tulihamia nje kwenye mchanga mwekundu. Sensei alikuwa afisa mifugo aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini, na upanga wa Kijapani alijifunzia Dar es Salaam. Tulikuwa wanafunzi tisa, msichana mimi peke yangu. Nilikuwa na ndoto ya kufungua darasa la wasichana kwetu Mkunya. Nilishawachagua na wa kuanza nao, wenyewe hawajui.

Kitu kimoja sikuhitaji kufundishwa. Upanga wa Kijapani huanza na kupiga magoti: unashuka polepole, mgongo wima, unakalia visigino na kutulia. Wavulana walikuwa wanaugulia. Dakika tano tu, miguu imekufa ganzi, wanajiviringisha sakafuni kama wameng'atwa na siafu. Mimi nilitulia tuli. Bibi yangu alinifunza tangu mdogo kupiga magoti mbele ya wakubwa na beseni la kunawa limejaa hadi ukingoni. Tone likidondoka, narudi mlangoni naanza upya. Kwetu juu mlimani maji yalikuwa ya shida, hayakuwa ya kuchezea.

"Mtazameni dada yenu," sensei alikuwa akisema. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Mimi kichwa kinavimba.

Katika mwaka wangu wa pili akatuambia kuna mwalimu mzee wa Kijapani atapita Masasi. Watano kati yetu tutaonyesha tulichojifunza, na yeye ataamua nani anastahili daraja la kwanza. Bila daraja hilo huruhusiwi kufundisha mtu.

"Wewe utakuwa wa nne," sensei akaniambia.

Nilifanya mazoezi mpaka viganja vikachubuka, unga wa chapati ukawa unaniwasha. Nikamwambia mama aje. Sikumweleza ni kitu gani hasa, nilitaka ashangae mwenyewe. Akashuka Masasi na mama mdogo, wamevaa doti mpya za kufanana, wakakaa mstari wa mbele.

Nilikuwa nafunga mkanda nyuma ya jukwaa sensei aliponijia na mfuko.

"Mpango umebadilika kidogo," akasema. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitenge. "Utavaa hiki upendeze. Utaniletea upanga wangu mbele ya mgeni. Unapiga magoti, unanikabidhi, unarudi pembeni."

"Na zamu yangu ya nne, sensei?"

"Atacheza kaka yako huyu." Akanionyesha kijana aliyeanza mwaka mmoja baada yangu. "Sikiliza. Kucheza wataweza wengi. Nani mwingine anaweza kupiga magoti kama wewe? Mgeni ataangalia adabu kwanza."

"Lakini nimefanya mazoezi, sensei."

"Najua. Ndiyo maana nakuamini."

Yule kijana akawa anatazama chini. "Dada, si mimi niliyeomba," akaninong'oneza.

Nikavaa kitenge. Nikaubeba upanga kwa mikono miwili, nikashuka mbele ya watu wale wote, mgongo wima, bila sauti. Yule mzee wa Kijapani akainama mbele kwenye kiti chake. Akamwambia mkalimani kitu, mkalimani akamgeukia sensei.

"Mgeni anasema hajaona mtu akikaa hivi tangu aingie nchini. Anauliza, nani kamfundisha?"

"Mimi," akasema sensei.

"Anauliza tena, huyu binti naye anafanya mazoezi ya upanga?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti, macho chini. Niliona kidole gumba cha sensei kikisugua ala ya upanga.

"Anatusaidia," akasema.

Ningeweza kuinua kichwa. Maneno mawili tu, "Nafanya, mzee," yangetosha. Lakini kile kidole kikisugua ala kilinifanya nimwonee huruma, nikafikiri nikisema ataaibika mbele ya mgeni wake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kitenge. Nilimhurumia yeye, na hapakuwa na mtu wa kunihurumia mimi. Nikarudi pembeni. Wa nne akacheza, upanga wake ukapita kimya. Daraja akapewa.

Mama alinipokea nje kwa mikono miwili, macho yamelowa.

"Umepiga magoti vizuri, mwanangu. Hujatuaibisha hata kidogo. Bibi yako angekuwepo!"

"Ahsante, mama."

"Na kile kitenge ni chako kabisa?"

"Changu, mama."

"Basi huyo mwalimu wako ana moyo," akasema mama mdogo.

Tulipanda kurudi Newala, wao wakisimulia njia nzima jinsi Mjapani alivyonitazama. Sikuwaambia. Ningewaambia, furaha yao ningeitupa wapi?

Jumatatu nilifika ghalani kabla ya kila mtu, maana mimi ndiye niliyekuwa nafagia, na ufunguo nilikuwa nao. Ufagio niliuacha palepale ulipoegemea. Nikaenda hadi mahali anapokaa sensei, mbele kabisa, panapoelekea ukuta wenye upanga mkubwa, ukuta ambao hakuna mtu anayeruhusiwa kuuonyesha nyayo. Nikakaa chini kwa makalio, nikanyoosha miguu yote miwili kuelekea ukutani, visigino vyenye vumbi jekundu vikiwa mbele, vidole nikavichezesha. Nikakaa hivyo mpaka nilipochoka mwenyewe.