Kipimo cha Kunitoa Kisimani

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha kisimani. Sikumaliza darasa la nne, lakini leo nina nyumba tatu Newala, muulize yeyote. Enzi zile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea korosho, baba alijenga kisima cha maji ya mvua uani. Nikashushwa kukisugua, kamba ikakatika.

Kaka yangu, aliyekuwa akisoma sekondari ya Chidya, akachungulia kutoka juu. "Usilie, mdogo wangu. Ulimwengu una vipimo vinne: urefu, upana, kimo na wakati."

"Cha kunitoa humu ni kipi, kaka?"

"Wakati. Tumngoje baba arudi na kamba kutoka Masasi."

Nikaegemea ukuta wa baridi, nikitazama kipande changu cha anga kikififia.

Leo kila kisima cha nyumba zangu kina ngazi ya chuma ndani. Mafundi hucheka. Waache wacheke.