Kichaka cha Kujitaja

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa kidumu kidogo, nyuma ya mashamba ya mpunga, upande wa Igawa, kulikuwa na kichaka ambacho bibi yangu hakukipita kimyakimya. Alisimama kwanza, akavua kandambili, akasema kwa Kisangu yeye ni nani, binti wa nani, anakwenda wapi. Wazee wa ukoo walizikwa humo. Asiyejitaja, tuliambiwa, huzungushwa mle mle mpaka kiu imwangushe.

Mimi nililetwa likizo tu kutoka Mbeya mjini, na Kisangu sikukijua. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekipiga marufuku nyumbani kwetu.

"Mama, mwache mtoto," alimwambia bibi. "Akishika hicho Kisangu chako, darasani watamcheka."

Bibi hakubishana na mwalimu. Tukifika kichakani alijitaja yeye, kisha akanitaja mimi, kwa jina la marehemu mama yake ambalo ni yeye peke yake aliyeniita.

"Kwani hawajui Kiswahili?" nilimwuliza siku moja.

"Walikufa hakijafika," akasema. "Na mimi nikifa, atakutaja nani?"

Nilicheka. Sikuwa na wazo kwamba bibi naye angeweza kufa.

Siku zile walikuwa wamehamia jirani Wasukuma na ng'ombe wao, na kijana wao mmoja, Masanja, alipitisha mifugo hapo kila asubuhi kwenda malishoni. Bibi hakutaka mtu apotelee kwenye makaburi ya kwao. Alimkalisha jikoni, akamfundisha maneno yote na majina ya ukoo wetu, akimrudisha mwanzo kila alipokosea. Baba hakuweza kumkataza, maana Masanja hakuwa mwanawe.

Mwaka jana tulimpeleka baba akazikwe kando ya mama yake. Mchungaji alikwisha kuomba vizuri sana kanisani, lakini tulipofika kichakani wabebaji wakasimama. Aliyekuwa wa mwisho kwetu kukijua Kisangu alikuwa ndani ya jeneza. Tuko watoto watano, wote tuna vyeti, na kila mmoja akawa anatazama viatu vyake.

"Tupite tu jamani, jua kali," kaka yangu alisema. Hakusogea hata yeye.

Ndipo mzee mmoja akatoka nyuma ya watu, kofia mkononi. Alikuwa Masanja.

"Wanangu, msimwingize kimyakimya," alisema. "Bibi yenu hakupenda hivyo."

Akavua viatu, akaanza. Alimtaja baba, akamtaja bibi, akaendelea na wengine ambao sikuwahi kuwasikia, naye akiwapanga bila kusita. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Mtu aliyetoka Usukumani anatuombea njia kwa wazee wetu, nasi tumesimama kama wageni waliopotea njia. Baba alituogopea kuchekwa darasani. Pale hakuna aliyetucheka, na ningeona afadhali wangecheka.

Kisha, katikati ya maneno yale yote, nikalisikia jina la mama yake bibi, na Masanja ameninyooshea mkono mimi. Alikuwa hajalisahau. Ukiacha majina ya baba na bibi, hilo ndilo neno pekee nililolielewa.

Binti yangu akanivuta kanga. "Mama, yule babu anasema nini?"

"Anatutambulisha."

"Kwa nani?"

Nilimshika mkono.

"Kwa ndugu zetu," nikamwambia.